Usipime Kigae kwa Kasi ya Chuma: Aibu Iliyonifundisha Kazi

Juzi usiku kijana mmoja amenitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimepata cheti cha ukaguzi kwa altrasoniki, na sasa nimepata kibarua cha kupima vigae vya seramiki kiwandani. Nianzie wapi?" Altrasoniki ni mlio usiosikika kwa sikio, unaotumwa ndani ya kitu ili kujua unene wake. Nikamjibu kwa mstari mmoja: usipime chochote kabla hujajua kasi ya sauti ndani ya kigae chenyewe. Akarudisha "sawa kaka" na picha ya dole gumba. Nikajua hajaelewa, maana hata mimi ningejibu hivyohivyo wakati wangu.

Wewe unayenisoma nakujua. Unataka siku moja usaini ripoti, kiwanda kizima kisimame au kiendelee kwa neno lako. Mimi nililipata hilo mapema mno.

Nilikuwa na miaka minne ya kupima mabomba na matangi ya chuma Dar es Salaam, na nilijiona bingwa. Kiwanda kimoja cha saruji, sitakitaja, kilikuwa kimesimama kwa matengenezo. Nikaitwa kukagua mfereji wa kushushia klinka, yale mawe magumu yanayotoka kwenye tanuri kabla ya kusagwa kuwa saruji. Klinka hukwangua chuma kama msasa, kwa hiyo ndani ya mfereji hubandikwa vigae vya alumina, aina ya seramiki ngumu sana, kwa gundi ya epoksi. Vya pale vilikuwa na unene wa milimita 25 vilipobandikwa. Vimebanana, huoni ukingo wa hata kimoja, hivyo huwezi kujua vimelika kiasi gani kwa macho.

Nikaingia na taa ya kichwani. Nikapaka jeli, nikaweka probu, kile kichwa cha kifaa kinachogusa kigae, namba ikatokea: milimita 13. Nikasogea hatua: 13. Pengine 12 na nukta. Moyo ukadunda kwa furaha, nisiwafiche. Nimegundua jambo! Nikaandika kwamba vigae vimelika karibu nusu, vibadilishwe vyote. Nikasaini.

Mafundi wakaingia na nyundo na tindo. Walikuwa wameshabandua eneo la kama meza nne za kulia chakula, ndipo fundi mmoja mtu mzima akaokota kigae kizima, akakifuta vumbi kwa shati lake, akakibana kwenye venia, kile kipimo cha mkono chenye taya mbili. Milimita 22.

Akapima kingine, akapima cha tatu. Hakunitukana. Alinipa tu ile venia mkononi, akaenda kunywa chai.

Nilichokosea ni kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya kwanza hufundishwa. Kile kifaa hakipimi unene, kinapima muda. Kinatuma mlio usiosikika, mlio unagonga mgongo wa kitu na kurudi, nacho kinazidisha muda huo kwa kasi uliyokiwekea wewe, kisha kinagawa kwa mbili. Mimi nilikiwekea kasi ya chuma, mita 5,900 kwa sekunde, kwa sababu kilikuwa hivyo tangu wiki iliyotangulia kwenye matangi. Nilikihakiki asubuhi ile kwa kipande changu cha chuma cha ngazingazi, ambacho unene wa kila ngazi unajulikana, kikanipa namba safi kabisa, nikatembea kifua mbele. Kumbe ndani ya vigae vile sauti ilikuwa inakimbia karibu mita 10,000 kwa sekunde. Piga hesabu: milimita 22 kwenda na kurudi ni 44, kwa kasi hiyo ni maikrosekunde 4.4. Zidisha kwa 5,900, gawa kwa mbili, unapata kama 13. Kifaa hakikunidanganya hata kidogo.

Mhandisi wa matengenezo akanibatiza jina Nusu. "Nusu, umekula? Au umekula nusu?" Watu wa kantini wakacheka. Miaka imepita, na bado nikikutana na baadhi yao naitwa hivyo. Wanadhani nimezoea.

Nyumbani niliketi na kitabu mpaka nikaelewa kwa nini. Kasi ya sauti ndani ya kitu kigumu hutegemea mambo mawili: kitu kimekaza kiasi gani na kina uzito gani kwa ujazo wake. Alumina safi imekaza karibu mara mbili ya chuma cha pua na cha kawaida, na uzito wake ni kama nusu. Yote mawili yanaisukuma sauti upande uleule. Silikoni kabaidi, seramiki nyingine, huipeleka hata karibu mita 12,000. Lakini usidhani kila seramiki ina mbio hizo: zirkonia ni nzito, humo sauti huenda kama mita 7,000 tu. Na alumina yenyewe, ikichomwa vibaya ikabaki na vitundu, kasi hushuka. Ndiyo maana namba ya kwenye jedwali la kitabu haikutoshi. Chukua kigae kipya cha aina ileile kutoka stoo, kipime kwa venia, kisha kirekebishe kifaa mpaka kiseme kama venia inavyosema. Ndugu yangu, kigae cha aina ileile. Narudia: aina ileile, mtengenezaji yuleyule.

Halafu kuna sikio. Mimi ni mtu wa Kyela. Bibi yangu akienda kununua chungu cha Wakisi kule Matema alikuwa anakiinua kwa vidole, anakigonga kwa kifundo, anatega sikio. Kikilia kikakaa na mlio wake, ananunua. Kikijibu bwa, anakirudisha chini bila neno, hata kama hakuna ufa unaoonekana. Udongo uliochomwa ukakaza hauli sauti upesi. Ufa ndio unaoila. Nilisoma miaka yote ile nikaona mambo ya bibi ni ya bibi.

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya mfereji mwingine, kiwanda kingine. Kifaa kilinipa 23, 23, 24. Kila kitu kizuri. Lakini nikapita nikigonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi, na sehemu moja ikabadilika kutoka ti, ti, ti ikawa mlio mtupu, kama mlango wa kabati. Gundi ilikuwa imeachia, vigae vimeshikiliwa na jirani zao tu. Kifaa kisingeniambia kamwe: sauti ikifika kwenye gundi, karibu robo tatu ya nguvu yake hurudi hata gundi ikiwa nzima, na ikikuta hewa hurudi karibu yote. Muda ni uleule, namba ni ileile. Tulivibandua vigae 31 kwa mkono, vingine bila hata tindo. Injinia wa pale alinishika bega. Nilitamani yule mhandisi aliyenibatiza Nusu angekuwepo.

Usikubali pia mtu akwambie pima kutoka nje, upande wa chuma, ili mtambo usisimame. Gundi hiyohiyo itakurudishia mlio kabla hujakifikia kigae. Na matofali ya tanuri ni habari nyingine kabisa, chembe zake ni kubwa, mlio mwembamba hupotelea humo.

Vijana siku hizi mnapenda kifaa cha bei, chenye kioo cha rangi. Mnapiga nacho picha. Hamtaki kuchafua goti, hamtaki kumuuliza fundi mzee, hamtaki kubeba venia kwa sababu venia haipendezi kwenye picha. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa hivyo. Hakiki kasi. Ukimaliza, hakiki tena.

Leo asubuhi yule kijana ameandika tena. Stoo wamempatia kigae kipya, kimejaa vumbi, ila venia hana na ya karakana imevunjika taya. Nimemwambia apitie kwangu jioni achukue ile yangu. Ni ileile niliyokabidhiwa siku ile. Yule mzee hakuwahi kuidai.