Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kukatia Nyasi Inayofungwa Nyuma ya Trekta

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu mashine ya kukatia nyasi fupi za viwanja na bustani, ile yenye visu vitatu chini ya bodi ya bati na magurudumu manne madogo, inayozungushwa na PTO ya trekta, yaani shafti fupi ya nyuma inayotoa nguvu ya injini. Majibu yanahusu mashine za PTO ya mizunguko 540 kwa dakika. Palipo na tofauti, fuata kitabu cha mashine yako.

SWALI: Nimenunua mashine iliyotumika. Kila nikimaliza kukata, uwanja unabaki na ngazi ndogo kati ya njia na njia, na katikati ya njia kuna mstari mwembamba wa nyasi zilizosimama. Nimeshanoa visu mara mbili, hali ni ileile. Tatizo ni nini?

JIBU: Una matatizo mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na mstari wa katikati. Mara nyingi unatokana na mwendo. Ukipunguza mafuta ya injini ili kubana matumizi, visu vinazunguka polepole, na pale njia za visu viwili zinapokutana nyasi zinalala badala ya kukatika. Tafuta alama ya 540 kwenye saa ya mizunguko ya injini na ufanye kazi hapo muda wote. Ukitaka kwenda taratibu, badilisha gia ya trekta, usiguse mafuta. Kasi ya kilomita 4 hadi 6 kwa saa inatosha kwa nyasi za kawaida. Kama mstari bado upo, tazama ncha za visu: sentimita chache za mwisho ndizo zinazokata zaidi, na zikishalika pembe yake, kunoa hakurudishi urefu uliopotea. Nunua seti nzima, vyote vitatu.

Ngazi ni suala la usawa. Weka trekta na mashine kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, hakikisha upepo wa matairi ya kushoto na kulia ni mmoja, zima injini, toa ufunguo. Kisha vaa glovu nene na ugeuze visu vya pembeni vitazame kulia na kushoto. Pima kutoka ncha ya nje ya kila kimoja hadi sakafuni. Vipimo viwili vikitofautiana, rekebisha fimbo ya kunyanyulia ya mkono wa chini wa trekta (mmoja wa mikono miwili inayoishika mashine) na vipande vya kupandishia magurudumu madogo, hadi vilingane. Halafu geuza kisu kitazame mbele na nyuma. Ncha ya mbele inatakiwa iwe chini kidogo kuliko ya nyuma, milimita 6 hadi 10. Nyuma ikiwa chini, kisu kinapita juu ya nyasi zilezile mara mbili, kinakula nguvu ya injini na kuacha majani yenye ncha zilizochanika.

Kuna kosa tunaloliona sana: watu huibeba mashine kwa haidroliki. Shusha mikono ya chini kabisa mpaka magurudumu madogo yabebe uzito wote, na urefu wa kukata upangwe kwenye magurudumu hayo. Mkono wa juu nao uwe na uhuru. Kama bano lake lina tundu refu, pini ikae katikati ya tundu trekta likiwa kwenye ardhi tambarare. Bila uhuru huo, gurudumu la nyuma la trekta likipanda kichuguu, bodi nzima inanyanyuka pamoja nalo.

Ukishasawazisha na ngazi bado ipo, pima ncha zote mbili za kisu kimoja ukizipitisha mahali pamoja. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, kisu kimepinda. Funga kipya upime tena. Tofauti ikibaki, kilichopinda ni shafti inayobeba kisu, na hiyo hainyooshwi, inabadilishwa.

SWALI: Kava la plastiki la propela shafti, ile inayounganisha PTO na mashine, limepasuka na linapiga kelele. Naweza kulitoa na kuendelea na kazi mpaka nipate lingine?

JIBU: Hapana. Tunasema hivi bila kulegeza hata kidogo.

Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 5 inaviringisha karibu mita 1.4 za nguo katika sekunde moja. Mkono wa shati au kamba ya kiatu ikishikwa na kichwa cha bolti au krosi (kiungo kinachojikunja kwenye ncha ya shafti), hakuna mtu mwenye kasi ya kujinasua. Mashine ikae mpaka kava jipya lipatikane. Kava zima linatakiwa lizunguke kwa urahisi ukiligeuza kwa mkono injini ikiwa imezimwa, na vijinyororo vyake viwe vimefungwa upande wa trekta na upande wa mashine ili lisizunguke pamoja na shafti. Kelele unayoisikia pengine inatokana na beringi ya plastiki ya kava iliyokosa grisi. Ndiyo iliyolipasua.

Ukifunga propela mpya, pima urefu kwanza. Ikiwa fupi kabisa, mabomba yake mawili yanayoingiana yabakize angalau sentimita 2.5 kabla ya kugota mwisho. Yakigota, yanasukuma na kuvunja beringi za giaboksi au za PTO. Ikiwa ndefu kabisa, mabomba yaingiane angalau theluthi moja ya urefu wake. Ukilazimika kukata, kata mabomba yote mawili na makava yote mawili kwa kipimo kilekile, ondoa kingo kali kwa tupa, kisha paka grisi kabla ya kuunganisha.

SWALI: Trekta langu ni la zamani. Nikikanyaga klachi nikiwa nakata, linaendelea kwenda mbele kama vile linasukumwa.

JIBU: Linasukumwa kweli. Kwenye matrekta yenye klachi ya hatua moja, PTO na magurudumu vinapata nguvu kupitia giaboksi moja. Ukikanyaga klachi injini inaachia, lakini visu bado vina kani ya mzunguko, nayo inarudi kupitia propela mpaka kwenye magurudumu. Hilo ni hatari karibu na ukuta, mtaro au mtu.

Dawa yake ni klachi ya upande mmoja, kifaa kinachofungwa kwenye shafti ya PTO ya trekta na kupitisha nguvu kwenda kwenye mashine tu. Kinaongeza urefu wa sentimita kadhaa, kwa hiyo rudi kwenye vipimo vya propela tulivyotaja hapo juu. Mpaka ukifunge, kata mbali na vizuizi na uwe tayari kukanyaga breki pamoja na klachi.

SWALI: Nanoaje visu? Nikinoa, mashine inaanza kutetemeka.

JIBU: Inatetemeka kwa sababu upande mmoja wa kisu umebaki mzito. Shusha mashine kwenye stendi za chuma au magogo imara. Haidroliki peke yake haitoshi, kwani mpira wake wa mafuta ukipasuka bodi inashuka papo hapo. Zuia kisu kwa kipande cha mbao unapofungua bolti.

Noa kwa kufuata pembe ya kiwandani, takriban nyuzi 30, upande wa juu tu. Usikifanye kikali kama wembe: acha ukingo wa karibu nusu milimita, maana ukingo mwembamba sana unajikunja ukigusa mchanga wa kwanza. Ukitumia grainda, gusa na uachie. Chuma kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake. Kisha tundika kisu kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze mpaka kisu kitulie mlalo. Unaporudisha, bawa lililoinuka litazame juu, ndani ya bodi. Kisu kilichopinda au chenye ufa kitupe. Kukichomelea au kukigongagonga kinyooke ni kutengeneza kombora, kwa sababu ncha zake husafiri zaidi ya mita 70 kwa sekunde.

SWALI: Belti inanuka kuungua na kuruka mara kwa mara. Nimeshafunga mbili mpya.

JIBU: Acha kununua belti, chunguza puli. Toa belti, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ina beringi mbovu, na mara nyingi ni puli ya kukazia. Kisha weka rula ndefu kwenye nyuso za puli uone kama zimelingana. Safisha nyasi zilizoshindiliwa chini ya makava, na angalia springi ya kukazia kama bado inavuta. Usipake dawa ya kushikisha belti, inakusanya vumbi.

SWALI: Grisi na oili, ni baada ya muda gani?

JIBU: Krosi na shafti za visu, kila saa 8 za kazi. Simama grisi inapoanza kuchungulia. Ukizidisha unasukuma nje sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje. Mabomba ya propela na magurudumu madogo yapate wakati huohuo. Giaboksi nyingi hutumia oili ya gia ya SAE 80W-90, usawa wa tundu la kupimia. Ikivuja kwenye sili, angalia kwanza tundu la kupumulia: likiziba, joto linajenga shinikizo na oili inatafuta njia.

SWALI: Uwanja wangu una mteremko. Nikate kwa kukingama au kupanda na kushuka? Na mwanangu wa miaka minane anapenda kukaa nami.

JIBU: Mtoto asipande kabisa, wala asiwepo uwanjani. Kiti ni kimoja.

Kata kwa kupanda na kushuka. Mteremko wa nyuzi 15, yaani kupanda sentimita 27 kwa kila mita 1 ya usawa, tunauhesabu kuwa kikomo. Nyasi zikiwa na umande, kikomo kinashuka. Chagua gia ndogo kabla ya kuanza, usikanyage klachi katikati ya mteremko, na weka vyuma vya uzito mbele ili magurudumu ya mbele yabebe angalau asilimia 20 ya uzito wote. Fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka ikiwa imesimama, funga mkanda. Ikiwa imekunjwa, usifunge.

SWALI: Naweza kuosha kwa mashine ya maji ya presha?

JIBU: Chini ya bodi, ndiyo, injini ikiwa imezimwa, ufunguo mfukoni na bodi ikiwa juu ya stendi. Usielekeze maji kwenye shafti za visu, krosi wala sili ya giaboksi. Ukimaliza kuosha, paka grisi mpya, shusha mashine chini, kisha izungushe dakika chache kabla ya kuiegesha ili maji yatoke kwenye belti.