Paka ana macho ya manjano na hali chakula: mpeleke leo

Dada wa Kibokoni, umeuliza kama umpe paka wako maji ya mwarubaini, maana leo siku ya tatu hali chakula, anatapika, na macho yameingia umanjano. Usimpe. Mpeleke kwa daktari wa wanyama leo hii, na kama ni mnene ndiyo ufanye haraka zaidi: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini yakalijaza, ukawa na maradhi mawili.

Nafuga paka hapa Tudor na mmoja alipatwa na haya haya. Kabla hujatoka, mtoe nje kwenye mwanga wa jua, umfunue sikio kwa ndani kisha umwinue mdomo utazame ufizi. Wangu ulikuwa kama umepakwa bizari, na mkojo umekoza rangi ya chungwa.

Umanjano una njia nyingi. Damu ikiharibiwa na vijidudu vya kupe, kama inavyowapata mbwa wengi, huja. Ini likiugua, huja. Nyongo ikizibwa njiani, huja pia. Kwa hivyo omba damu ipimwe na tumbo lipigwe ultrasaundi. Wangu alionekana mirija ya nyongo imevimba kwa bakteria. Kwa paka, mrija wa nyongo na wa kongosho huungana karibu na utumbo, kwa hivyo bakteria wakipanda huvishika vyote viwili.

Alipewa antibayotiki za wiki kadhaa na dawa ya kichefuchefu. Kazi kubwa ni kumlisha, wallahi. Kichefuchefu kikishatulia, nilimsagia samaki laini nikamtilia kwa sirinji pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, kichwa kikiwa sawa asipaliwe.

Mwambie daktari kama paka wako huwinda mijusi. Kuna mnyoo wa nchi za joto, Platynosomum, paka huupata kwa kula mjusi, nao hukaa kwenye mirija ya nyongo. Dawa yake ni prazikwanteli, ila kwa kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida, kwa hivyo apange daktari.

Kinyesi kikigeuka kijivu, huenda njia ya nyongo imezibika kabisa; hapo mara nyingi ni kisu. Na yule mwenzetu aliyeuliza hapa juu ya mbwa wake, aliyeambiwa mfuko wa nyongo wa mbwa huyo umejaa ute mzito: usicheleweshe, mfuko huo unaweza kupasuka. Mbwa wengi huishi vizuri mfuko ukishaondolewa.

Panadol usimpe paka hata robo, humuua. Majibu ya ultrasaundi yakitoka yaweke hapa tuyatazame.