Zawadi za Noeli kwa mfuko mdogo, Bukavu

Dada, umeuliza utawapa nini mama mkwe na watoto watano wa kaka yako kwa franka chache. Vitu vya plastiki achana navyo, vinavunjika kabla ya Mwaka Mpya. Nenda soko la Kadutu, nunua kipande cha kitenge, fundi akushonee vifuko vitano, kila kimoja na herufi ya jina la mtoto kwa uzi mwekundu. Jaza karanga ulizokaanga mwenyewe. Mpwa wangu alilala na chake kifuani, na hadi leo anabebea kalamu za shule. Mama mkwe mpelekee kahawa ya kisiwa cha Idjwi, uikaange asubuhi ileile, umtwangie palepale na mnywe wote kikombe cha kwanza. Marafiki? Barua ya mkono inatosha kabisa.