Re: Nitajuaje kama mwenye shamba ndiye anakula ruzuku?

Ndugu pole, nimekusoma. Umekodi shamba huko Ulaya, unalima mwenyewe, na unashuku mwenye ardhi anachukua ruzuku ya kilimo kwa jina lake. Hiyo kitu inaangalika bila kuomba ruhusa ya mtu, sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha kila nchi mwanachama itoe orodha ya waliolipwa kila mwaka kabla ya tarehe 31 Mei, ina jina, manispaa na kiasi, na inakaa mtandaoni miaka 2 tu, kwa hiyo ukiikuta pigia screenshot hapohapo.

Usitafute jina la mwenye shamba peke yake. Mi niliwahi kumtafuta jamaa nikakosa nikadhani hapati kitu, kumbe alikuwa anapokea kwa jina la kampuni! Pia waliopata euro 1,250 kushuka chini majina yao yanafichwa, basi kukosa jina sio ushahidi. Na mwaka wa fedha wa ruzuku hizo unaanza 16 Oktoba unaishia 15 Oktoba, usije ukashangaa hesabu zinakataa.

Ukimkuta usikimbilie kumwanika Facebook, utajikuta wewe ndo unashtakiwa, na huenda analima na mashamba mengine ambayo huyajui. Kwanza soma mkataba wako, unasema nani anatangaza hekta hizo, yaani nani anaziandika kwenye ombi la ruzuku? Kama zako zimetangazwa na yeye, peleka mkataba kwa mwanasheria wa mambo ya ardhi kabla hujaenda ofisi ya malipo, ile inayolipa ruzuku, maana wakianza kukagua watakukagua na wewe.