Shangazi, Mume Wangu Anataka Tuizunguke Uganda kwa Gari

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyegezi, nina duka la vifaa vya shule. Mume wangu amepata likizo ya wiki tatu mwezi wa nane na anataka twende Uganda kwa gari, sisi wawili tu. Ameorodhesha miji 14 kwenye daftari. Siku ya kwanza anataka tutoke Mwanza alfajiri tukalale Kampala. Gari lenyewe ni la shemeji yangu aliyeko Dodoma. Mume wangu nampenda, lakini akishika usukani hasira ziko karibu, na tangu tuoane mwaka 2006 hatujawahi kukaa wawili peke yetu zaidi ya siku mbili. Naogopa tutarudi hatuongei. Nikatae?
Mama Watatu, Nyegezi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Safari usiikatae. Kata miji.

Mwaka 2019 mimi na mzee wangu, aliyekuwa fundi mitumbwi kule Igombe, tulikwenda huko huko kwa siku 18. Naye alikuwa na daftari. Siku ya kwanza tulikaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo kwa zaidi ya saa mbili, jua la utosini, na kabla hatujavuka tayari tulikuwa tumeshanuniana. Ninyi mna bahati, tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, mnapita tu mpaka Busisi. Lakini urahisi huo usimdanganye mumeo. Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, halafu mpaka, halafu Masaka, halafu Kampala: hiyo si siku moja. Mtaingia Kampala usiku mmechoka, katikati ya bodaboda na malori, kila mtu anawahi kwake. Laleni Bukoba. Asubuhi mtavuka Kyaka, na hapo mwombe mumeo aegeshe gari mkishalipita daraja, muutazame Mto Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la hapo. Mzee wangu alikuwa na miaka 20 wakati huo. Alisimama kando ya barabara dakika kumi hivi bila kusema kitu, nami nikamwacha.

Nilichojifunza ni hiki: nchi ya watu haimalizwi kwa wiki tatu, kwa hiyo tafuteni kitu kimoja cha kukifuata. Sisi, bila kupanga, tulifuata maji. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia katika ziwa letu la Viktoria, na Jinja ndiyo njia pekee ya maji hayo kutoka. Mzungu Speke aliliona ziwa hapa kwetu Mwanza mwaka 1858, akafika Jinja mwaka 1862. Maporomoko aliyoyakuta huko yalizama baada ya bwawa la umeme kukamilika mwaka 1954, kwa hiyo msitarajie kishindo. Mtaona ziwa limetulia, halafu ghafla maji yanaanza kuvuta kuelekea kaskazini. Mzee wangu ameishi maisha yake yote juu ya maji yasiyokwenda popote. Alichukua kijiti akakitupa, akakifuata kwa macho mpaka kikapotea. Akasema, "Kumbe yanaondoka." Tulikuwa tumepanga kulala Jinja usiku mmoja. Tulikaa siku nne.

Ukitaka kuyaona maji hayo hayo yakiwa na hasira, pandeni Masindi mwende hifadhi ya Maporomoko ya Murchison. Pale Naili, mto huo huo unaotoka Jinja, yote inabanwa kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha inaanguka zaidi ya mita 40. Ardhi inatetemeka chini ya viatu, nguo zinalowa. Chukueni pasipoti zenu hadi getini, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki tunatozwa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali. Na msivae nguo za bluu iliyokolea, mbung'o wanaipenda rangi hiyo. Kutoka huko teremkeni Hoima na Fort Portal, kwenye vile viziwa vya volkano, kisha Mbarara, mrudi Masaka. Inatosha. Kabale na Ziwa Bunyonyi ni pazuri sana, lakini wekeni kwa safari nyingine. Najua mumeo ataumia kufuta majina kwenye daftari. Mwambie ayapigie mstari yeye mwenyewe, usimfutie wewe.

Sasa hasira za usukani. Sisi tuligombana Kampala, saa kumi na moja jioni, kwenye mzunguko wenye magari ya kutoka kila upande. Mimi nilishika ramani kwenye simu, yeye hakutaka kuuliza njia, tukapotea, nami nikasema, "Si nilikwambia." Mwanangu, maneno hayo mawili yalitunyima usingizi usiku kucha. Asubuhi tukakubaliana mambo mawili. Maneno hayo yasitamkwe tena ndani ya gari. Na kila siku ya tatu gari lisiwashwe kabisa: tufue, tulale mchana, tutembee sokoni kwa miguu, kila mtu awe na saa zake peke yake. Hili la pili ndilo lililotuokoa. Watu wawili walioishi miaka mingi kati ya watoto na kazi hawajazoea kutazamana kuanzia asubuhi hadi usiku, na kukosa mazoea si kukosa mapenzi. Kama una leseni, nawe uendeshe. Wao hupita kushoto kama sisi, hakuna kigeni hapo. Ila saa kumi na mbili jioni gari liwe limeshaegeshwa.

Lugha. Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba yao kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wazee wengi wa Buganda wamekisikia zaidi kwa askari, na kumbukumbu hizo si nzuri. Usikianze kwa amri. Salimia kwanza: "Ssebo" kwa mwanamume, "Nnyabo" kwa mwanamke, "Webale" ukishukuru. Karibu na Lyantonde paipu ya rejeta ilipasuka, gari likachemka. Alikuja fundi mtu mzima, mimi nikamwagia Kiswahili changu chote cha sokoni Kirumba, akawa kimya. Nikatulia, nikasema, "Ssebo, webale kwa kuja." Akainua kichwa, akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Alikuwa ameishi Bukoba miaka saba. Alituazima paipu ya gari lake mwenyewe mpaka kijana alipoleta mpya kutoka mjini, na mkewe akatuletea katogo, ndizi zilizopikwa mchanganyiko. Ninyi bebeni paipu ya akiba, mkanda wa feni na maji lita 10.

Chakula hakitawasumbua. Mzee wangu mpaka leo anaidai ile chapati iliyoviringishwa na mayai, wenyewe wanaiita rolex, ya kuliwa umesimama kando ya kikaango. Siku ya kutoka Masaka kwenda Kampala simameni Kayabwe mkanyage mstari wa ikweta, na Mpambire mtazame wachonga ngoma. Tulinunua moja ndogo. Iko sebuleni, wajukuu wameshaitoboa upande mmoja.

Karatasi ndizo zisizosamehe. Kwa kuwa gari si lenu, shemeji aandike barua ya idhini yenye namba ya gari na jina la mumeo, igongwe muhuri wa wakili, iambatane na kadi halisi ya gari. Mwombeni wakala wenu wa bima awakatie Kadi ya Njano ya COMESA, kwa sababu bima ya nyumbani peke yake haivuki mpaka. Pale Mutukula, mpakani, mtapewa kibali cha muda cha gari. Someni tarehe ya mwisho kabla hamjaondoka dirishani. Chanjo ya homa ya manjano mchome angalau siku 10 kabla ya safari, cheti kikae pamoja na pasipoti. Na pesa mzihesabu mkiwa ndani ya ofisi ya kubadilishia, msibadilishe kwa vijana wanaozunguka magari.

Barua ya Dodoma ndiyo itakayochelewa kuliko vyote. Mpigie shemeji yako leo jioni, umpigie wewe mwenyewe, ili mumeo ajue kwamba na wewe unaitaka safari hii.