Kofia ya viua imebana baada ya kufuliwa

Dada yangu, unasema kofia ya viua, ile ya kudariziwa, uliyomshonea mzee imebana baada ya kufuliwa, na duara la juu limefanya makunyanzi. Kubana nashuku ni kitambaa. Pamba ikifuliwa mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua, kwa hiyo ifue, ipige pasi, ndipo uchore na kukata. Uzi wa kudarizia nao ulowanishe na uufinye kwenye kitambaa cheupe. Uzi ukiacha rangi, achana nao.

Makunyanzi ni hesabu. Kichwa cha sentimita 57 kinataka duara la kipenyo cha sentimita 18 hivi, mbali na nafasi ya mshono. Ligawe duara robo nne, ukanda wa pembeni vivyo hivyo, kisha shikiza alama kwa alama kwa pini. Ukishona kwa kuzunguka tu, ziada yote itakusubiri mwishoni.

Hiyo uliyonayo usiitupe. Iloweke, ivute taratibu ingali mbichi, ipake wanga mwepesi uliochujwa, uivalishe furuma, ile kalibu ya kofia, ikaukie kivulini. Huenda ikalegea kidogo. Huna furuma? Sufuria yenye mzingo wa kichwa cha mzee inafaa, ila iwe haina masizi.