Jibu: Hiyo "Pfand" kwenye risiti yako

Karibu Ujerumani, dada. Zile senti 25 ulizouliza, zinazoandikwa Pfand chini ya kila chupa ya maji kwenye risiti, si wizi. Ni amana ya chupa na utarudishiwa. Usizikanyage chupa wala kubandua lebo, maana mashine inasoma alama iliyo kwenye lebo. Tafuta dukani mashine yenye tundu la duara, ingiza chupa moja moja, kisha bonyeza kitufe itoe kikaratasi. Mpe keshia, atakupunguzia kwenye bili au atakupa taslimu. Chupa nyingi za bia za kioo ni senti 8, za mvinyo kwa kawaida hazina amana.

Kuhusu tarehe zilizoandikwa kwenye vyakula, hapo kuwa makini kweli, hasa una watoto. "Mindestens haltbar bis" (yaani, kinabaki bora angalau hadi) kwenye mtindi au unga haina maana kwamba kimeharibika siku hiyo, nusa, onja. Lakini "zu verbrauchen bis" (yaani, kitumike kabla ya tarehe hii kupita) kwenye nyama ya kusaga au kuku, ikipita tupa, hata kama haina harufu.

Na mchele, angalia Grundpreis, yale maandishi madogo ya bei kwa kilo. Mfuko mkubwa si lazima uwe nafuu.